Nilimpeleka mama mkwe Maputo kwa treni, siku moja tu, ili aongezewe siku za kukaa Durban

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio nyumbani na mlio mbali kama mimi.

Haya yamenikuta mwenyewe. Mke wangu ameusoma uzi huu kabla sijauweka na amefuta sehemu mbili nilizojipendelea, kwa hiyo kilichobaki ni ukweli mtupu.

Naishi Durban, mtaa wa Cato Manor, huu mwaka wa saba. Ni fundi umeme kwenye kiwanda kimoja kule Mobeni. Mke wangu tumwite Neema. Mimba yake ya kwanza ilipofika miezi sita ikaanza kutishia kutoka, daktari akamwambia alale kitandani. Mama yake akapanda ndege kutoka Tanzania wiki ile ile.

Sisi Watanzania tunaingia South Africa bila viza, unagongewa muhuri wa siku tisini. Ukizisikia unaona ni nyingi. Ila mama kaja mimba ina miezi sita, sasa pigeni hesabu wenyewe.

Mtoto akazaliwa, wa kike, mzima kabisa. Siku ya nane nikafungua passport ya mama. Zimebaki siku tisa!

Kwa ambao hamjaoa: mzazi ana siku arobaini zake. Anakandwa kwa maji ya moto, anapikiwa uji, mtoto anaogeshwa na mtu anayejua kazi. Durban hatuna ndugu hata mmoja. Mama akiondoka, arobaini ya Neema inakatika katikati, na Neema usiku alikuwa analia chini chini akidhani nimelala. Iliniuma sana.

Sasa kuhusu huyu mama mkwe wangu.

Kwao Neema ni Mara, ndani ndani. Kule mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Hamkai kiti kimoja, hamli meza moja, na hawezi kulala kwenye nyumba yako. Kwa hiyo mama alikuwa analala kwa jirani yetu, Maman Chantal, Mkongo mwenye saluni. Akitaka kuniambia jambo anamwambia Neema, Neema ananiambia mimi. Karibu miezi mitatu mimi na yeye tulikuwa tumeishia kwenye shikamoo na marahaba.

Na mimi nina ugonjwa wangu. Siwezi kukaa na tatizo likiwa limetulia, lazima nifanye kitu, chochote, hata kama ni kibaya. Siku hiyo nilizunguka ile nyumba ya vyumba viwili mpaka Neema akaniomba nitoke nje nikazungukie huko.

Nikatoka, nikamkuta Maman Chantal. Nikamwaga yote.

"Ah papa, na ile njo inakuchokesha kichwa?" akasema. "Mumupeleke ku Maputo, siku moya tu. Train iko. Banamugongea cachet, akirudia banamupatia tena miezi tatu. Belle-sœur yangu alifanya vile."

Nikamuuliza kama haitoshi kuvuka mpaka na kugeuza.

"Hapana! Mufike kabisa capitale. Ule mwenye anageukia ku frontière, banamujua. Na mutunze tiketi."

Wakuu, nilirudi ndani nimeshapona. Nikamwambia Neema, Neema akaenda kwa Maman Chantal kumwambia mama, akarudi baada ya kama nusu saa.

"Anasemaje?"

Akaokota nepi za mtoto, akaanza kuzikunja. "Sawa tu, kama una uhakika."

Nikamjibu nina uhakika. Sikuwa nimemuuliza mtu mwingine yeyote.

Kesho yake, Alhamisi alfajiri, tukaondoka na gari langu, Maman Chantal akabaki na Neema na mtoto. Mpango ulikuwa tulale Komatipoort, mji wa mwisho kabla ya mpaka, gari libaki pale kwa sababu bado ni la benki na kulivusha kunataka barua. Ijumaa tuvuke, tupande treni ya Msumbiji mpaka Maputo, jioni turudi mpakani na gari la abiria. Jumamosi tuko nyumbani.

Mama alikaa kiti cha nyuma kama abiria wa kukodi. Tumetoka Durban saa mbili nzima kimya. Mara simu yangu inaita, ni Neema.

"Mama anataka kujisaidia."

Nikatazama kwenye kioo. Mama huyo nyuma yangu, simu mkononi, anaangalia miwa nje ya dirisha. Kampigia mwanae aliye Durban ili mwanae anipigie mimi niliye mbele yake hatua moja! Tulikwenda hivyo siku nzima. Mama ana kiu. Mama anasema hiyo lori uiache ipite. Mimi najibu kupitia huko huko, eti mwambie mama tunakaribia.

Ijumaa tukavuka. Kutoka upande wa South Africa hakuna aliyetuuliza kitu, Msumbiji wakagonga, tukaingia Ressano Garcia na kununua tiketi. Nikazikunja tiketi zile nikaziweka kwenye mfuko wa shati.

Treni ilitakiwa kuondoka mchana. Mchana ukafika na treni ipo, imesimama. Wakina mama wa biashara wanapakia: magunia ya vitunguu, mafuta ya kupikia, trei za mayai kutoka South Africa. Hakuna mwenye haraka isipokuwa mimi. Nimepanda, nimeshuka, nimepanda tena. Nimeenda mbele kuangalia kichwa cha treni, sijui nilitaka kukifanya nini.

Nilikuwa nimemtafutia mama kiti dirishani, mimi nikakaa upande wa pili, heshima imetimia. Akaingia mama mmoja mnene na trei zake za mayai, akanitazama, akatazama nafasi iliyo pembeni ya mama mkwe, akanisemesha Kireno na kunionyesha kwa kidevu. Nikatikisa kichwa. Akaniwekea mayai mapajani. Nikahama.

Kwa hiyo nikakaa kiti kimoja na mama mkwe. Kila mmoja akajibana pembeni, yeye kwenye ukuta wa dirisha, mimi sina ukuta, nusu ya mwili iko njiani.

Treni ikaondoka. Nikatoa simu nimpigie Neema. Hakuna network. Laini ya South Africa imekufa. Nikamwona mama naye anabonyeza ya kwake, anaitikisa, anaibonyeza tena.

Tulikaa hivyo muda mrefu. Treni inakwenda kidogo, inasimama porini, inakwenda. Kila ikisimama nasimama na mimi.

"Baba."

Nikageuka nyuma nikidhani anaitwa mtu mwingine.

"Mtoto anaogeshwa na nani leo?"

"Maman Chantal, mama."

"Anajua?"

"Ana wa kwake wanne."

"Sijauliza ana wangapi."

Akaendelea kutazama nje, sauti yake ya kawaida kabisa, wala hana hasira.

"Mimi nilimwambia Neema akwambie sitaki safari hii. Siku tisa nilikuwa nazo mkononi, zinanitosha kuwatengeneza wale wawili, mzazi na mtoto. Hakukwambia?"

"Hakuniambia, mama."

"Alisema umefurahi sana, hana moyo wa kukukatisha."

Ile nusu saa ya Neema kwa Maman Chantal ndiyo ilikuwa hiyo. Ujumbe ulitoka kwa mama ukiwa mzima, ukafika kwangu umekatwa kichwa.

Tulipofika Moamba treni ikasimama kwa muda, wauzaji wakajaa madirishani. Nikainuka, nikamwambia mama tushuke, tutafute gari turudi.

"Kaa," akasema. "Tumeshafika katikati."

Nikakaa. Na niseme ukweli ambao Neema hakuufuta: kimoyomoyo bado nilikuwa najiambia subiri auone muhuri mpya, atanishukuru.

Maputo tuliingia jua limeshaanza kulegea, tumechelewa zaidi ya saa nzima. Kituo chao ni kizuri, jengo kubwa lenye kuba, watu wanapiga picha. Mimi nilimvusha mama pale kama tunakimbia mvua. Nje kuna dada anauza mkate na bajia, na wao wanaziita hivyo hivyo. Mama akasimama. Akachukua mbili, moja akanipa mimi, tukala tumesimama, uso kwa uso. Nadhani alikuwa amechoka kuhesabu miiko tuliyoivunja.

Hiyo ndiyo Maputo niliyoiona. Kama dakika arobaini, pamoja na kutafuta gari la kurudi mpakani.

Saa moja ya jioni tuko dirishani upande wa South Africa. Ofisa mmoja dada mpole, anamwita mama Gogo, yaani bibi. Akafungua passport, akaangalia kompyuta, akagonga. Nikaichukua na kusoma tarehe.

Ilikuwa ile ile.

Nikamwambia dada samahani, nadhani umekosea, huyu anatakiwa siku tisini. Akanieleza taratibu, kwa Kiingereza, kwamba siku tisini hazianzi upya kwa kwenda nchi jirani. Maputo si kwao. Arudi kwao kwanza. Nikatoa zile tiketi za treni nikazitandaza mbele yake. Akazitazama, akaniuliza kama treni yenyewe ni nzuri. Hakuwa ananitania, alitaka kujua kweli.

Nje mama ananisubiri. Network imerudi. Ningeweza kumpigia Neema amwambie, na naapa niliitoa simu. Nikaona aibu, nikairudisha mfukoni.

"Tarehe ni ile ile, mama. Nimekosea."

Akaichukua passport yake mkononi mwangu, akaitia kwenye mkoba.

"Tukifika kesho zitabaki ngapi?"

"Sita."

"Basi kesho tuondoke mapema."

Angenitukana ingekuwa nafuu. Mke wangu alikuwa na siku tisa za mama yake na mimi nikamchukulia tatu, nikazimwaga barabarani kwa sababu siwezi kukaa kitako.

Jumapili asubuhi, mimi nikiwa nimekaa kitandani na mtoto, mama akaingia chumbani. Hajawahi kuingia na mimi nimo. Neema alitoa macho.

"Baba, kunja mikono ya shati."

Akanifundisha, wakuu. Mimi, mkwe wake. Maji yawe moto kiasi gani, unayajaribu kwa kiwiko. Kitambaa unakikamuaje. Mgongo wa mzazi unakandwa kuanzia wapi, kiuno, miguu, na wapi usiguse kabisa. Mtoto anashikwaje shingo akiwa na sabuni. Nilikuwa naharakisha ili yaishe.

"Unakimbilia wapi?" akaniuliza.

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikaanza upya.

Siku sita hizo tulifanya hivyo asubuhi na jioni. Asubuhi ya mwisho alikaa nje kwenye ngazi na sanduku lake, akaniacha nifanye yote peke yangu. Mtoto alipiga kelele mtaa mzima ukasikia. Mama hakuingia. Nilipotoka shati limelowa, akaniangalia, akasema tumechelewa uwanja wa ndege.

Siku ishirini na tatu zilizobaki nilizifanya mimi. Naamka saa kumi alfajiri, nakanda, naogesha, napika uji, ndipo naenda Mobeni. Jioni tena. Asubuhi moja nimeshabandika maji jikoni, Neema akanifuata akiwa amevaa vizuri, mtoto begani, akaniambia jana ilikuwa ya arobaini. Nilikuwa sijahesabu.

Nilichojifunza: mambo ya uhamiaji ulizeni uhamiaji, siyo saluni. Maman Chantal alimaanisha mema, ila nilipombana alikumbuka kwamba shemeji yake alifanya hivyo zamani sana. Na ipo njia halali ya kuomba kuongezewa muda, lakini inaombwa mapema, mimi nilipokumbuka nilikuwa nimeshachelewa mno. La pili ni kubwa zaidi. Jambo linalomhusu mtu, kamuulizeni mwenyewe. Heshima yetu ile na mama ilitugharimu siku tatu.

Sasa naomba mnisaidie. Mama anarudi mwakani, na Neema anasema safari hii alale ndani kwetu, maana kama nimefundishwa kumkanda mwanae hakuna tena cha kufichana. Mimi nasita. Wazee wa Mara mliomo humu, mwiko wa namna hii ukishavunjwa hivyo unahesabiwa umeisha, au kuna mbuzi anadaiwa mahali? Semeni, nasoma kila jibu.