Émérence na matete yaliyonusurika na moto

Saa kumi na mbili asubuhi, karibu na Koni, Émérence anaingia mto Lufira hadi kiunoni, anainua mgono wake, mtego wa kusukwa kwa fito, na kupiga yowe.

"Mukuye mumone! Bamerudia!"

Ndani wanarukaruka tilapia wanne na kambale mmoja mwenye hasira. Kwa mtu wa mjini Likasi ni kitoweo cha jioni moja tu. Kwa mama huyu, anayeishi kwa kukausha samaki kwa moshi, ni habari inayozipita zote za redio.

Zamani alipeleka mabeseni matatu sokoni Likasi kila juma, juu ya baiskeli. Mwaka jana, 1970, hata moja halikujaa. Tilapia walipungua, kambale wakafuata, vyura wakanyamaza, na wanandi, wale ndege weusi wapiga mbizi, wakaadimika. Mumewe Barthélemy, mvuvi tangu utotoni, akaanza kuzungumzia kazi ya kuchimba shaba Kambove. Kaka yake Émérence alifia mgodini. Hataki hata kusikia habari hiyo.

"Nilimuambia: weye uko mutu ya mayi. Kule chini ya udongo utafanya nini?"

Basi akaanza kumtafuta mwizi wa samaki. Wengine walimwambia ni nyavu za matundu madogo, wengine ni maji yanayopanda na kushuka kwa ajili ya bwawa la umeme la Koni. Uchawi nao haukukosa mashahidi. Yeye aliwashuku ndege.

"Minye njo nilisema banandi banatumalizia samaki! Tukavunja manyumba yabo. Alors, ndege bakaenda, na samaki bakazidi kupungua. Nilisikia haya, vraiment!"

Kosa hilo ndilo lililomwamsha. Mwizi hunenepa, lakini hapa wote walidhoofika pamoja. Akajiuliza: tilapia, kambale, chura na mnandi wote wanategemea nini?

Matete! Tilapia huficha watoto humo, vyura hutaga humo, kambale huwinda humo, mnandi hujenga humo. Na kila kiangazi wavuvi huyachoma ili kuwatoa ndezi, panya wakubwa ambao nyama yao ndiyo karamu ya msimu. Zamani walichoma kipande. Siku hizi watu ni wengi, na moto huenda ukingo mzima.

Kwa desturi hakuna anayechoma kabla ya ukoo wa Barthélemy kuwasha moto wa kwanza. Kiangazi kilichopita mkewe alimsihi aiache kona moja. Aliguna, akakubali. Mgono wa leo umetoka kona hiyo.

Mwandishi wenu, mbishi wa kuzaliwa, anasema mgono mmoja si ushahidi. Émérence anaangua kicheko.

"Unasema bien, Monsieur. Pengine ni mvua, pengine ni bahati. Njo juu ya ile minye nataka tuache matete yote mwaka hii, tumone."

Lakini asubuhi hii hii wavuvi wanakutana kupanga siku ya moto. Émérence anafika mbio, maji yakimchuruzika, mgono mkononi. Symphorien, mlaji ndezi mashuhuri, anamkatiza.

"Mama Émérence, na karamu tutakula nini?"

"Utakula samaki, baba! Meno yako itapumzika."

Watu wanacheka, ila hakuna anayekubali. Macho yote yanamgeukia Barthélemy. Anautazama mgono, kisha anasimama.

"Mwaka hii siwashe moto. Na Kambove siende, mpaka mvua ipite."

Kelele zinalipuka. Symphorien anatupa kofia chini, lakini desturi ni desturi: bila Barthélemy, hapachomwi kitu. Émérence anautua mgono chini. Anacheka na kulia kwa pamoja.

Na samaki wasiporudi? anauliza mwandishi wenu.

"Basi tutatafuta mwizi mwingine," anasema, akijifuta uso kwa kitenge. "Lakini tutamutafuta sisi babili."