Xaveri Alivyobana Chuma kwa Huruma

Kijana mwenye nguvu kuliko wote kijijini Mapera alipimwa nguvu mchana kweupe, akashindwa na binti wa kwaya.

Usicheke kwanza.

Kijana huyo ni Xaveri. Miaka ya tisini, wanunuzi binafsi walipoanza kugombea kahawa ya Mbinga, yeye ndiye aliyepakia magunia kwenye malori yao huku akipiga mluzi.

Siku moja akaja daktari mtafiti kutoka Dar, akaomba vijana wazima awapime nguvu. Unaruka juu uwezavyo, kisha unabana chuma kwa kiganja, mshale unapanda.

Rafiki yake Mansuetus akamnong'oneza, "Legeza, bwana. Wadhaifu wanapewa unga wa msaada."

"Acha we!"

"Haki ya Mungu."

Xaveri akabana chuma kama kashika yai. Kuruka, karuka kama kuku aliyefungwa miguu. Akafuata Winifrida, mchumba wake, ndiye yule binti wa kwaya. Huyo alibana mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Daktari akamtazama Xaveri kwa huruma.

"Kijana, mimi napima wazima. Wewe nenda hospitali."

Watu wote wakasikia.

Unga? Hakuna aliyeuona.

Na miaka ile, kijana akiambiwa mgonjwa, watu walielewa kitu kimoja tu: Ukimwi. Kaukwaa.

Kilabuni kikombe chake kikatengwa. Wanunuzi wakatafuta mpakiaji mwingine. Mzee Wendelin, baba yake Winifrida, akavunja uchumba.

"Shikamoo, baba. Mimi mzima, nilijilegeza tu."

"Marahaba. Wote husema hivyohivyo."

Winifrida akamvuta pembeni. "Ulijilegeza kwa nini?"

"Nilitaka unga."

"Basi huumwi. Mjinga tu."

Xaveri akabeba gunia la mahindi, akalizungusha sokoni. Watu wakatikisa vichwa: "Maskini, anajikaza."

Aliposikia daktari yuko Mbamba Bay anapima vijana wa wavuvi, akateremka ziwani mbiombio. Akabana kwa hasira zote. Mshale ukagota mwisho.

"Wewe si yule mgonjwa wa Mapera?"

Xaveri akamwaga ukweli wote. Daktari akacheka mpaka akavua miwani, akaahidi kwenda kumsafisha.

Jumapili, misa ilipoisha, akasimama nje ya kanisa.

"Jamani, nimempima tena Xaveri kule ziwani. Sasa ni mzima kabisa!"

Vigelegele! Xaveri akatokwa na machozi.

Asubuhi akafungua mlango, akakuta foleni. Wenye vifua, wenye vidonda, wengine wameletwa kwa baiskeli. Mbele kabisa Mzee Wendelin, kashika goti.

"Mwanangu, hiyo dawa ya ziwani umebakiza?"

"Baba, hakuna dawa. Nilidanganya."

"Unamficha hata mkweo?"

Ndoa ilifungwa, kweli. Ila mpaka leo baba mkwe anamwita mchoyo.

Wewe uliyesoma mpaka hapa: usijitangaze mnyonge kwa tamaa ya vya bure. Watu watakuamini.