Lita za Damu ya Kilonzo

Syokau wa Kwa Vonza alikuwa na wivu mrefu kuliko barabara ya Machakos. Kumwonea wivu Ndinda, mke mwenza, hakukumshangaza mtu; mke wa kwanza asiyemwonea wivu wa pili bado hajazaliwa Ukambani. Lakini mwaka wa tisini na moja alianza kuionea wivu mashine.

Mashine yenyewe hakuwa ameiona. Ilikuwa Nairobi, katika hospitali moja kubwa, nayo ilimchukua mume wake siku mbili kila wiki, Jumatatu na Alhamisi. Figo za Kilonzo zilikuwa zimekataa kazi. Damu yake isipotolewa nje, ikaoshwa na kurudishwa, mtu hakuna. Syokau aliyaelewa hayo, lakini bado aliwaambia wanawake aliokuwa akisuka nao vyondo vya mkonge: "Huyo ni mke wa tatu. Na ni mbaya kuliko huyu wa pili, kwa sababu hata kuzeeka hazeeki."

Kilichomchoma zaidi ni kwamba Ndinda ndiye aliyemsindikiza mzee huko. Ndinda alikuwa amefika darasa la saba na kadi ya hospitali aliisoma bila kusimama njiani. Syokau hakuwahi kuingia darasani hata kufagia. Basi kila safari Ndinda alirudi na maneno mapya, akayamwaga uani kwa sauti ya mtu wa redio.

"Leo wamemtoa maji lita tatu. Uzito wake mkavu, maji yakishatoka, ni kilo sitini na nane."

"Mkavu kama ngozi ya mbuzi juu ya paa," Syokau alijibu bila kuinua macho. "Pita, unanizibia jua."

Alichojua Syokau ni rangi. Kutoka Kwa Vonza mpaka Zombe hakukuwa na mwanamke aliyepika mkonge ukashika rangi kama wake. Inasemwa aliwahi kuanika mkonge mwekundu mlangoni, kuku wakakataa kuingia kulala siku tatu, wakidhani jua halijatua. Rangi yake ya dukani aliipima kwa kifuniko cha soda, na hakuna aliyemwona akikosea.

Na maji ya Kilonzo aliyapima vivyo hivyo. Daktari alikuwa amesema vikombe viwili kwa siku, na chai na uji pia vihesabiwe humo. Kila mara mzee alipopita nyumbani kwake, Syokau alitoa kikombe cha bati, akajaza kwa mkono wake, viwili kamili kati ya asubuhi na jioni. Kwa Ndinda alipewa nini? Hakuuliza. Kumuuliza mke mwenza alichompa mume ni kukubali mbele yake kwamba mume amekula kwake, na ameshiba.

Jumatatu moja Ndinda alirudi bila habari. Aliketi juu ya kinu, viatu mkononi.

"Mama Ndolo," alimwambia Syokau, "daktari amekasirika. Mzee anafika akiwa na maji mengi kila mara. Alhamisi wanapima damu yake yote, wajue ni kiasi gani. Kama ni moyo umechoka, kitanda chake atapewa mwingine. Wanaongoja ni wengi."

Moyoni Syokau alikuwa ameshakata kesi: huyu msichana anamwua mzee kwa vikombe vya siri, apendwe zaidi. Kitanda kikipotea, Kilonzo hamalizi wiki mbili. Alhamisi alfajiri alikuwa barabarani kabla ya mgonjwa mwenyewe, amevaa kanga yake mpya na viatu vya kanisani.

Aliyewabeba alikuwa Abukar, mfanyabiashara wa mbuzi, ambaye lori lake lilipita hapo kila siku ya soko la Nairobi.

"Mama Ndolo, mbele hapa tutabanana," Abukar alisema.

"Hatutabanana. Huyu mdogo akae nyuma na mbuzi."

"Mbuzi hawana shida na mimi," Ndinda alisema, akipanda mbele.

"Sikizeni," Abukar alisema, akiwasha gari. "Mkianza vita, nawaweka nyuma nyote wawili. Na mbuzi wangu wana tabia, sitaki waharibiwe."

Kilonzo, katikati ya wake zake, uso umevimba kama aliyeumwa na nyuki, alifumba macho.

Kumbe mashine ilikuwa kitu cha kimo cha kabati, ina mirija miwili na taa ndogo. Syokau aliizunguka, akaiangalia nyuma, akaona nyaya tu. Ndipo alipogeuka akamwona daktari, mwanamke wa Kikuyu mwenye miwani, Daktari Wakiuru, amemshika Kilonzo mkono akimpandisha kwenye mizani. Mkono mzima, si kidole. Syokau akahamisha wivu wake hapo kwa muda.

"Kilo sabini na tatu," daktari alisema. "Tano zaidi. Mzee Kilonzo, mtu wa urefu na uzito wako anafaa kuwa na damu lita tano kasoro kidogo. Lakini hiyo ni kukisia. Mashine inayavuta maji kutoka kwa damu. Nikivuta mengi kuliko unavyoweza kutoa, presha inaanguka, unazimia. Nikivuta machache, yanakuzamisha mapafu. Leo sikisii."

Alichukua sindano yenye rangi ya buluu, akaisukuma kwenye mshipa wa mkono wa kushoto. Wakangoja. Kisha akatoa damu mkono wa kulia, chupa ndogo ikapelekwa kuzungushwa ili chembe nyekundu zikae chini.

"Wanaangalia kama rangi itatibu figo," Ndinda alimwambia Syokau kwa kiburi cha mwenyeji.

Chupa iliporudi, Syokau alisogea. Juu ya damu iliyotulia kulikuwa na maji ya manjano yenye ubuluu wa mbali. Akasonya.

"Sufuria ni kubwa," alisema.

"Sufuria gani, mama?" daktari aliuliza.

"Ya huyu. Mimi natia kifuniko kimoja cha rangi kwa debe moja la maji, mkonge unatoka kama usiku. Kifuniko hicho hicho kwa madebe mawili, unatoka kama yunifomu iliyofuliwa mwaka mzima. Wewe umetia kifuniko chako. Sasa hii imepauka. Maji ni mengi humo ndani."

Daktari alivua miwani. Karatasi ya maabara ilipoletwa aliisoma mara mbili. "Lita sita na nusu. Mama amesema kweli." Akamgeukia Ndinda. "Mbona huyu hukumleta tangu mwanzo?"

Syokau alilitafuna neno hilo taratibu, mashavu yote mawili. Ndinda alitazama sakafu.

"Sasa niambieni," daktari alisema. "Nani anampa mzee maji?"

"Mama Musyoka," Syokau alisema haraka, akimwonyesha Ndinda kwa kidevu. "Hata hapa ni yeye humleta. Muulize."

"Nampa vikombe viwili," Ndinda alisema. "Kwa siku. Daktari, naapa, hata chai nahesabu."

"Viwili tu?"

"Viwili. Cha tatu sijawahi kumpa."

Daktari aliandika, akamtazama Kilonzo kwa huruma ambayo Syokau hakuipenda. "Basi si maji ya kunywa. Vikombe viwili haviwezi kufanya hivi. Ni moyo hausukumi. Na mgonjwa wa moyo namna hiyo, mashine hii itamwua kitandani. Itabidi nimpe mwingine nafasi."

Sasa Syokau alihisi vidole vyake vikijikunja vyenyewe, kama vinashika kikombe cha bati. Viwili vya Ndinda. Viwili vya kwake. Wanawake wawili walikuwa wamemimina ndani ya sufuria moja, kila mmoja akijisifu kwamba amepima sawasawa. Angeweza kunyamaza. Angenyamaza, Ndinda angerudi nyumbani bila maneno ya kumwaga uani, na jambo lingeitwa moyo. Alimtazama Kilonzo. Kilonzo alikuwa akitazama dari kwa bidii, kama mtu anayehesabu misumari.

"Daktari, ngoja," Syokau alisema. "Kuna vingine viwili."

"Vya nani?"

"Vyangu." Alilisema hilo akiangalia mashine, si mtu. "Na uji jioni. Kidogo. Bakuli."

Ndinda aliinua kichwa. "Kumbe."

"Kumbe nini? Wewe ulidhani akija kwangu anakuja kuhesabu mabati?"

"Mama Ndolo, mimi nilidhani kwako hanywi. Aliniambia hanywi."

"Na kwangu alisema kwako anakula tu muthokoi mkavu, mahindi yasiyo na mchuzi."

Wote watatu, pamoja na daktari, walimgeukia Kilonzo.

"Ningekataa wapi?" mzee alisema polepole. "Nikisukuma kikombe kwa nyumba moja, kesho soko lote linasema Kilonzo ameona uchawi kwa maji. Nani kati yenu ningempa jina hilo la mchawi?"

Daktari Wakiuru aliifuta karatasi yake kwa mstari mrefu. Alicheka kidogo, akaacha. Vikombe viwili, alisema, kwa mtu mmoja, si kwa nyumba moja. Kilonzo alifungwa kwenye mashine, akatolewa maji taratibu kwa saa nne, na hakuzimia. Kitanda kilibaki chake.

Jioni, lori likirudi tupu, mbele kukiwa na harufu ya mbuzi na vumbi la Konza, Kilonzo alilamba midomo. Akaomba maji. Chupa ilikuwa miguuni. Mikono miwili ilienda, ikagongana, ikarudi.

"Asubuhi alikunywa kwako?" Syokau aliuliza. Lilimtoka kwa shida, kama jino.

"Kikombe kimoja," Ndinda alisema. "Na ni cha mwisho kwangu leo."

"Basi kilichobaki ni changu."

Akafungua chupa. Hakumpa ashike. Alimshika mzee kisogo, akamnywesha funda moja, akafuta kidevu kwa pindo la kanga mpya, akangoja, akampa jingine. Abukar alipunguza mwendo maji yasimwagike. Kikombe kimoja alikinywesha kutoka Konza mpaka Machakos mjini, na kila funda alihakikisha Ndinda anaona, mpaka Ndinda akageuza uso dirishani.

"Jumatatu nakuja mimi," Ndinda alisema kwenye kioo.

"Njoo," Syokau alisema. "Mimi nitakuwa nimeshakaa mbele."