Nilitawazwa Gwiji wa Mieleka, Nikamwaibisha Aliyeniokoa

Nilikosa. Sitaki mtu anitetee, hata mke wangu nimemkataza. Wacha nikwambie wewe usiyenijua, labda nitatulia, kwa sababu tangu siku ile siwezi kukaa kiti kimoja nikamaliza kikombe cha chai.

Nilikuwa mwanamieleka. Mimi na rafiki yangu wa Mukuyuni tulipigana miaka mingi, mjini Tulia, Mtito Andei, popote palipokuwa na soko na watu wa kutazama. Mimi shujaa, yeye adui. Nani atashinda tulikuwa tumeshapanga tukinywa chai pamoja, lakini hiyo husemi! Ukitoka ulingoni unanyamaza, ndiyo sheria yetu.

Siku moja huko Tulia nilipanda kamba ya juu nimrukie. Mguu ukateleza. Aiya! Nilikuwa naenda kichwa kwanza kwa simiti. Yeye alifaa kujiviringisha pembeni kama tulivyopanga, lakini alirudi akanipokea na bega lake. Nikasikia ka! Bega limevunjika. Mimi niliamka mzima. Watu wakapiga kelele wakidhani nimemvunja, nami nikainua mikono juu kama mshindi. Aibu!

Mpaka leo mkono wake wa kushoto haupandi juu ya bega. Mtungi wa maji hawezi kuuweka juu ya punda mpaka binti yake amsaidie. Mimi nilipata jina, yeye akarudi kulima ndengu.

Sasa majuzi waandalizi wa mieleka wakaamua kuniingiza kwenye orodha yao ya magwiji. Sherehe ilikuwa mchana, ukumbi wa hoteli Mtito Andei. Ngao, picha ukutani, na mimi ndani ya suti ya kuazima. Rafiki yangu akaja na yule binti, yuko sekondari. Akanivuta kando.

"Ndugu yangu, huyu mtoto wanamcheka shuleni. Wanamwambia babake alitwangwa akaharibika. Hayo mengine ficha, sijali. Lakini leo sema hii bega ilikuwaje, asikie."

"Hiyo tu? Hiyo imeisha, nitasema," nikamjibu.

Nikapanda jukwaani. Ngai! Ukumbi mzima ukasimama, madereva wa malori wanaita jina langu la ulingoni. Kichwa kikavimba. Yale maneno nilikuwa nayo mdomoni kabisa, aki ya Mungu, lakini mtu akapaza sauti, "Adui yako yuko wapi?" Na mimi, mjinga mimi, nikanyoosha kidole.

"Yule pale! Mwambieni ainue mikono yote miwili! Hawezi! Ule mkono ni kazi yangu!"

Watu walicheka wakigonga meza.

Unajua yeye alifanya nini? Alisimama, akanikunjia ngumi ya ule mkono mzima, akanguruma kama zamani, ili sherehe yangu isiharibike. Alinipokea tena! Binti yake alikuwa anaangalia sakafu. Niliposhuka na ngao, viti vyao viwili vilikuwa vitupu.

Wiki iliyofuata nilienda Mukuyuni. Nikamwomba amwite mtoto nimweleze. Akakataa.

"Umechelewa. Ukimwambia hapa nyumbani, ataona ni mimi nimekuomba unipambe. Pale mbele ya watu ndipo angeamini."

Hakunifokea. Heri angenifokea! Binti alileta chai, akaiweka mezani, akatoka bila kuniangalia.

Nikawaendea waandalizi, nikawaambia ukweli wote, nikaomba nipewe maiki tena. Walicheka! Wakasema hadithi hiyo ni tamu, tuifanyie onyesho. Nani atamwamini mtu aliyekula kwa kuigiza?

Ngao nimeitoa ukutani nikaiweka kabatini, nikaitoa kabatini nikaiweka chini ya kitanda. Bado naamka kuitafutia mahali pengine. Na hata hapa nimeficha jina langu na lake. Unaona vile mimi ni mwoga?

Basi wewe, kama kuna mtu aliyeumia ili wewe usimame, usingoje siku ya kumtembelea kwake na maneno matamu. Mtaje siku umepewa maiki, hata kama watu wanataka kucheka. Mtaje akiwa ameketi, mtoto wake kando yake. Mimi nilipomaliza kuchekesha watu, nilibaki na ngao mkononi na viti viwili vitupu.