Aliyemwosha Mansuri

Wifi yangu Biubwa alikuwa mwanamke wa kwanza wa kijiji chetu hapa Mafia kuwa muuguzi wa jeshi. Siku aliyorudi kutoka mafunzoni na suruali na buti, wapo waliosema kaka yake, marehemu mume wangu Hafidhi, ameshindwa kumwoza. Mimi ni mwalimu. Niliitundika picha yake sebuleni ili kila anayeingia aione.

Mwaka 2018 alipelekwa Afrika ya Kati na kikosi cha kulinda amani. Huko Mansuri, askari kijana wa Jibondo, kisiwa cha jirani, alipigwa risasi, akalala siku mbili katika hema la hospitali, akafa. Waislamu wa mji ule walikuwa wamekimbia vita, na wanaume waliobaki kambini siku ile walikuwa Wakristo watupu. Basi Biubwa mwenyewe akamwosha, nguo ikiwa juu ya mwili na glavu mikononi, akamkafini kwa shuka za hospitali. Sanduku likafungwa, likaletwa Kilindoni kwa ndege, nasi tukaamriwa tusilifungue.

Alinisimulia hayo likizoni, tukichambua mchele. Alitaka kwenda kwa Bi Mize, mama wa marehemu. Nikamkataza. Kwetu mwanamume huoshwa na wanaume, na mwanamke aliyemwosha mwanamume asiye wake angetiwa katika nyimbo za harusi mpaka wajukuu wasikie. Nilimwambia suruali tumeimeza, hili litatukaba. Alinitii, kwa kuwa nilimlea tangu darasa la nne.

Wiki ileile Bi Mize akaja mwenyewe. Nilimpa shikamoo, nikamtandikia mkeka. Hakutaka maneno mengi.

"Nauliza maji tu, mwanangu," alimwambia Biubwa. "Sisi wa Jibondo tunajua kuyakosa. Mansuri aliyapata?"

Biubwa alinitazama. Nikajibu mimi.

"Mambo ya jeshi ni siri, Bi Mize."

Alishukuru kwa chai, akaenda zake. Biubwa alimalizia likizo bila kunisemesha zaidi ya salamu, na miaka iliyofuata alitafuta sababu za kubaki kambini. Watu waliponiuliza, nilisema kazi zimemzidi.

Mwaka jana alirudi na kansa. Niliuguza mwili wake kwa miezi mitano, na sikuthubutu kulitaja jambo lile. Alilitaja yeye, siku mbili kabla hajafa.

"Wifi, usinizike nalo."

Nilimzika nalo. Kisha nikakaa miezi mitatu nikiisingizia bahari, mara imechafuka, mara mashua hakuna, mpaka nikachoka kujidanganya nikavuka kwenda Jibondo.

Bi Mize alinisikiliza akiwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi, nazi mkononi. Alitaka kujua kila kitu: maji ya moto au ya baridi, nani aliyafumba macho ya mwanawe. Niliyoyajua nilimwambia.

"Na wewe ulilijua miaka yote saba?"

"Nililijua."

Aliweka nazi chini, akatoka uani akawaita majirani. Akawaambia mwanawe alioshwa, na aliyemwosha ni Biubwa binti Shaabani. Alilitamka jina la ukoo wetu kwa sauti mbele ya wote. Mmoja akacheka chinichini.

"Kaoshwa na mwanamke?"

"Na mwanamke. Wewe ulikuwa wapi?"

Akaanza kuwasimulia upya, tangu mwanzo, na wengine wakaongezeka. Wote walipewa pa kukaa. Mimi nilisimama kando ya mlango, sikuambiwa niketi, wala sikuona kwa nini niambiwe.