Punje Chini ya Jicho la Mama Mdogo

JAMANI, MAMA MDOGO AMEMBEBA MTOTO! Amembeba, amembusu pua, na mpaka sasa amegoma kumrudisha.

Kwa wasiomjua: mama mdogo ni mdogo wake mama, fundi cherehani, na cherehani yake iko kwetu chumba cha mbele, kwa hiyo tivii tunaiona tu, hatuisikii. Mtaani mtu akichomwa na kijiti anakuja kwake. Anachagua sindano nyembamba, anaipitisha kwenye moto wa kiberiti, anakuambia uangalie dari, na kabla hujaichoka dari kijiti kimeshatoka.

Sasa huyo huyo ana vipunje vyeupe chini ya macho, vigumu, kama chumvi imeingia chini ya ngozi. Haviumi wala haviwashi. Watu wanaviita vipele vya maziwa, basi yeye akasikia maziwa, akaacha maziwa. Chai kavu, uji bila maziwa, hata aiskrimu ya siku yangu ya kuzaliwa alinipa mimi (sikubisha). Vipunje vimetulia tu. Akachukua sindano yake, akachoma kimoja katikati. Hakikutoka kitu, ikabaki alama nyeusi. Alinuna wiki nzima, maana sindano haijawahi kumwangusha.

Halafu mama akajifungua. Mtoto tunamwita Bosi kwa sababu analala anapotaka na sisi tunaamka anapotaka. Alipofika nyumbani nikafunua blanketi, nikaona pua yake imejaa vipunje vile vile. Mama mdogo, aliyembusu hospitali mpaka akafukuzwa wodini, akaangalia ile pua, akajigusa chini ya jicho, akamrudisha kwa mama kama anarudisha sufuria ya moto.

Tangu hapo hakumgusa tena. Anamshonea nguo lakini vipimo anavichukua kwa macho, akiwa mlangoni. Mama akimwomba amshike kidogo aende kuoga, ghafla kuna zipu ya mteja haiwezi kusubiri. Nikamuuliza kulikoni.

"Nimemwambukiza, mwanangu," akasema. "Hata hajaijua dunia, nimeshamharibia uso."

Mimi nikaingia kwenye simu. Huyu anasema paka dawa ya meno, yule anasema limau, na mimi ninachotaka kujua ni kimoja: ndani mna nini? Kama ni maziwa, yameingiaje kwa mtu anayekunywa chai kavu? Nilimuuliza mama mdogo hivyo, na nadhani ndiyo maana alikubali kuja nasi kliniki siku ya kumpima Bosi uzito. Alibeba mkoba wa nepi, akakaa mwisho kabisa wa benchi.

Muuguzi akaiangalia pua ya Bosi, akasema watoto wachanga wengi wanavyo, vitaondoka vyenyewe baada ya wiki kadhaa, tusivisugue wala kuvipaka kitu. Mdomo wangu hauna kufuli, nikasema aliyemwambukiza yule pale. Mama akanifinya. Muuguzi akacheka, akamwita mama mdogo kwenye taa.

Akamuuliza anapaka nini usoni. Mafuta ya mgando, mazito, kila usiku mpaka chini ya macho, kwa sababu mvuke wa pasi unamkausha.

"Haviambukizi, dada," muuguzi akamwambia. "Ni ngozi iliyochakaa, imefungiwa chini ya ngozi nyingine."

Akafungua sindano mpya kwenye pakiti yake, akamsafisha mama mdogo chini ya jicho, akachana ngozi ya juu kidogo sana, akabonyeza pembeni. Punje ikatokea juu ya pamba. Nyeupe, duara, ngumu. Nikaomba niibingirishe, nikaruhusiwa. Hata tone la maziwa hamna!

Mama mdogo akaisogeza pamba machoni. "Kumbe haina tundu la kifungo," akasema. Yaani chunusi ina pa kutokea, hii imeshonewa ndani ya bitana, ukiiminya mpaka kesho haiendi popote.

Muuguzi akamwambia sindano ya cherehani iishie kwenye nguo, karibu na jicho si pa kujaribia. Aachane na mafuta mazito, apake losheni nyepesi, anawe uso vizuri usiku, ajikinge na jua. Vinaweza kurudi, lakini akifanya hivyo vitapungua. Na maziwa anywe.

Mama mdogo akauliza polepole, "Kwa hiyo naweza kumshika?"

Mama hakusubiri muuguzi ajibu. Alimpachika Bosi mikononi mwake, akachukua ule mkoba.

Sasa hivi mama mdogo anashona kwa mkono mmoja, kikombe cha maziwa pembeni, na Bosi amelala akinyonya ncha ya futi ya kupimia.

Kama unamjua mtu anayesugua pua ya mtoto, au aliyeacha maziwa kwa sababu ya jina tu, mtumie hii tafadhali.