Sekela na Sahani ya Pili

Puu! Nilisikia kabla sijaona, nikiwa uani napepeta mchele, na nilipoingia jikoni nikamkuta paka wangu Sekela kakaa sakafuni chini ya dirisha lililomshinda kuruka, ananitazama kama vile mimi ndiye niliyemwangusha (na kwa kweli ni mimi, ila hilo nililijua baadaye, mbele ya kijiji kizima, na mpaka leo nikipita ofisi ya kijiji hapa Makwale natembea nikitazama kandambili zangu).

Ni hivi. Tangu dada yangu Atupele aolewe ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, nimebaki na nyumba nzima peke yangu, na kwetu Wanyakyusa kula peke yako ni kama kula cha wizi, basi niliendelea kupika wali wa watu wawili, sahani yangu na ya pili ya Sekela, usipa, dagaa wa ziwani kwetu, juu yake, akimaliza namwongezea, maana akila nasikia kuna mtu.

Kile kishindo kilimleta mbio jirani yangu, Mama Subi. Akamshika paka tumbo.

"Mwe! Dada, huyu ana mimba!"

Ningeweza kusema sijui. Lakini alikuwa ameshavuta kigoda cha Atupele akakaa, na hakuna aliyekuwa amekikalia tangu harusi. Nikasema, "Nadhani."

Basi ikawa. Panya walikuwa wanamaliza mpunga wa watu, kila mtu akataka mtoto wa paka, wakaanza kuja jioni, huyu kaleta usipa wa mja mzito, yule kashachagua ("wangu awe mweusi!"), wanakaa, wanacheka, nawachemshia chai, na Sekela anakula vya wote na kuzidi kuwa duara. Sijawahi kuwa na jioni nzuri kama zile.

Akaja bwana mifugo kuchanja mbwa na paka kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Nikambeba Sekela kwenye kikapu cha kakao, kufika katikati ya uwanja kitako cha kikapu kikaachia, akaporomoka mbele ya mbwa wote wa Makwale, wakabweka, na paka mwingine angepanda mti, wangu akatembea kidogo akaketi kupumzika. Watu hoi.

"Msimcheke mja mzito!" Mama Subi akawakemea.

Bwana mifugo akamwinua, akambonyeza tumbo taratibu, akambonyeza tena. "Humu hamna mtoto, dada. Ni mafuta."

"Basi mafuta yangu yawe meusi!" mtu akapaza sauti, na uwanja ukapasuka kwa kicheko. Mama Subi peke yake hakucheka. "Na usipa wetu je?" akasema, bila kuniangalia.

"Anakula nini?" bwana mifugo akaniuliza.

"Ninachokula mimi. Sahani."

"Sahani! Nyumbani mko wangapi?"

Nikainama kuokota kikapu. Akashusha sauti. "Wali acha kabisa. Usipa kiganja kimoja asubuhi, kimoja jioni, na akimbiekimbie. Ukiendelea hivi moyo utamshinda, utabaki bila hata yeye."

Jioni ile hakuja mtu. Nilipika (mkono una mazoea yake) wali wa wawili, nikakaa naye tunatazamana, sahani ya pili nimeifunika, naye analia na mimi najikaza, na nikaapa hapo hapo kwamba sitampa tena mnyama sahani ya mtu.

Ndipo Mama Subi akabisha. Nikavuta kigoda haraka.

"Sikai, dada. Nipe huyo paka akae ghalani kwangu, panya watamkimbiza mpaka apungue. Wewe hutaweza kumnyima."

Alisema kweli. Nikamfunga Sekela kwenye kanga ya Atupele, nikamkabidhi.

"Karibu chakula, Mama Subi. Kipo kingi."

"Ndaga, asante, nimeshakula," akasema, akatoka naye, akauvuta mlango nyuma yake.